Kelele za Jirani Wanarudi Kurekodi

Mtaa mzima ulimwita Mama Springi, kwa sababu kochi likibonyea hadi mgeni akikaa magoti yanamgusa kidevu, yeye alilifufua. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Marobota ya vitambaa yalisimama pembeni kama wageni waliokosa viti, sponji zilipangwa hadi karibu na dari, na katikati hapakukosa kochi la mtu lililovuliwa nguo, mbao na springi zote nje. Wateja waliokuja kuchagua rangi hawakujua kwamba vidole vile vinavyovuta uzi mnene kwenye ngozi ndivyo vilivyowahi kupiga gitaa la besi katika bendi ya roki.

Bendi hiyo iliitwa Kelele za Jirani. Jina hawakulitafuta mbali. Mzee wa nyumba ya pili aligonga mlango siku moja, amevaa kanzu ya kulalia mchana kweupe, akauliza, "Hizi kelele za jirani zitaisha lini?" Wakacheka mpaka wakakaa chini, na jina likapatikana. Walikuwa wanne. Ngurumo alipiga dramu. Waya, aliyekuwa mwembamba kama nyuzi alizozikata kila wiki, alipiga gitaa. Mama Springi, siku hizo msichana asiyejua hata kutia uzi kwenye sindano, alishika besi. Na mdogo wake wa tumbo moja, Chiriku, aliimba.

Chiriku aliitwa hivyo tangu shuleni, maana mdomo wake haukuwa na kufuli. Alizungumza akila, akioga, na hata usingizini aligombana na watu. Mama yao peke yake ndiye aliyemwita kwa jina jingine, Kinda, na jina hilo halikutoka nje ya mlango wa nyumba yao. Sauti yake ya kuimba haikuwa tamu kama asali. Ilikuwa na ukwaruzo, kama gunia linaloburutwa sakafuni, lakini ilipopanda juu ilimshika msikilizaji shingoni, na ikishuka alijikuta amesahau kupumua.

Hakuna kampuni iliyowataka. Wakajirekodi wenyewe, kanda moja, wakagawa nakala kwa mkono. Kisha bendi ikaisha. Hapakuwa na ugomvi wala hakuna aliyemwibia mwenzake mchumba. Iliisha kama kikombe kinachopasuka chenyewe kabatini, bila kuguswa na mtu. Ngurumo alipata kazi ya kufundisha udereva, Waya akaenda kusomea dawa, Mama Springi akaolewa. Siku moja ya mazoezi hakutokea mtu, na wiki iliyofuata vivyo hivyo.

Zaidi ya miaka thelathini ilipita. Mama Springi akazaa, akalea, akafiwa na mume, watoto wakaruka kutoka viotani. Na kanda ile, ambayo wao wenyewe hawakuwa nayo tena, ikaanza kutembea yenyewe. Mtu aliikuta kwenye sanduku la marehemu mjomba wake, akaitia mtandaoni, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati ule wakaanza kuuliza hawa ni akina nani. Mwenye duka moja la muziki alitaka kuzitoa nyimbo hizo upya, ila kanda ilikuwa imeliwa na unyevu. Nusu ilikuwa muziki, nusu ilikuwa mvua. Akamtafuta Ngurumo, akamwomba warekodi tena.

"Dada," Ngurumo alisema kwenye simu, "vidole vyako bado vipo?"

"Vipo, ila vimezoea nyundo."

"Na mdogo wetu?"

 Mama Springi aligeuza macho kwenye mlango wa chumba cha nyuma, ambamo Chiriku aliishi tangu atoke hospitali. Uvimbe ulimwota kooni. Madaktari walimwokoa, lakini walipoondoa uvimbe waliondoka na sehemu kubwa ya kile kinachomfanya mtu asikike. Alibaki na mnong'ono tu, mkavu, kama karatasi mbili zinazosuguana. Yule aliyekuwa hanyamazi sasa ilibidi umkaribie ili umsikie. Mwenyewe alilifanyia mzaha. "Mungu ameshusha volyumu," alikuwa akinong'ona. "Majirani walimwomba sana."

"Mdogo wetu hana sauti," Mama Springi alisema.

"Najua. Waya ataimba. Yeye aje tu atuongoze. Bila yeye hatutajua pa kuingia."

Na kweli, ndivyo walivyokuwa. Hakuna kati yao aliyewahi kuhesabu. Walimtazama Chiriku mdomoni, naye akifungua, wanaingia.

Studio ilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi. Ngazi zilinuka rangi mbichi mchana kutwa. Chumba cha kupigia kilikuwa kimepigiliwa mazulia makuukuu ukutani, na dirisha pekee lilikuwa limezibwa kwa godoro. Upande mmoja palikuwa na kioo kinene, na nyuma ya kioo alikaa fundi sauti, mwanamume wa makamo mwenye tabia ya kutafuna kijiti cha meno huku vidole vikisogeza vitufe polepole, kama anayelainisha unga.

Walipoonana, wote wanne walisimama kwanza wakakaguana, kila mmoja akimtafuta kijana aliyemwacha. Waya alikuwa na kitambi na miwani.

"Waya," Chiriku alinong'ona, akimpapasa tumbo, "umekuwa bomba."

Ngurumo alicheka hadi akashika ukuta. Kicheko kile kiliwarudisha mahali pao, na kwa saa nzima walikuwa watu wanne wenye furaha, wakiunganisha nyaya na kulalamikiana kuhusu migongo inayouma.

Fundi sauti alimwekea Waya kipaza sauti katikati ya chumba. Wimbo wa kwanza waliamua kupiga muziki mtupu ili kujaribu, na Chiriku akasimama pale pale kwenye kipaza sauti, kwa kuwa ndipo wote wangemwona. Hakuvaa hedifoni. Kazi yake ilikuwa kuchezesha midomo tu. Wenzake watatu walivaa, fundi akainua kidole, Ngurumo akagonga vijiti.

Mama Springi aliingia akiwa amechelewa kidogo, akajilaani, akaishika njia. Kumbukumbu ilikuwa vidoleni, siyo kichwani. Chiriku akafungua mdomo.

Na sauti ikaja.

Ilikuja ndani ya hedifoni, imejaa, na ukwaruzo wake ule ule, ya msichana wa miaka ishirini na kitu ambaye hajawahi kuugua. *Nimekaa kwenye ngazi, nasubiri taa iwake.* Mama Springi alihisi nywele za mikononi zikisimama. Wazo lake la kwanza lilikuwa la kawaida kabisa: fundi ametia kanda ya zamani. Akamtazama nyuma ya kioo. Fundi alikuwa ameacha kutafuna. Mikono yake yote miwili ilikuwa hewani, mbali na vitufe, kama mtu aliyeambiwa asiguse kitu.

Mama Springi akasukuma kifuniko kimoja cha hedifoni, akaacha sikio wazi. Chumbani palikuwa na dramu, na baina ya pigo na pigo, pumzi ya mdogo wake, nyembamba, kama ufagio kwenye sakafu. Akakirudisha kifuniko. Sauti ilikuwa pale, inapanda.

Kijiti cha Ngurumo kilianguka. Muziki ukakatika. Chiriku akageuka, akanyoosha mikono kuuliza: mbona mmesimama?

 Fundi sauti ndiye aliyefungua mlango. "Nani ameimba?" aliuliza.

"Hakuna aliyeimba," Waya alisema. Uso wake ulikuwa na jasho.

"Ninayo. Imeingia."

Wakaenda wote upande wa pili wa kioo, wakasimama nyuma ya kiti chake, akawapigia alichorekodi. Chiriku alisikiliza mkono ukiwa kwenye kovu lake la shingo. Wimbo ulipofika pale ulipokatika, alimgeukia dada yake.

"Nani huyo?"

"Ni wewe, mdogo wangu."

Chiriku alitikisa kichwa taratibu. "Mimi sikuwahi kuimba vizuri namna hiyo."

Fundi sauti alikuwa mtu wa kuamini nyaya. Alibadilisha kipaza sauti, akabadilisha waya wake, akazima mitambo yote na kuiwasha upya. Akamsimamisha Waya aimbe. Ikatoka sauti ya Waya, ya pua, mali yake halali. Akamwomba Chiriku aseme jina la mtaa wake, ukatoka mnong'ono. Akamwomba aimbe mstari mmoja bila muziki, wote wamekaa kimya, hedifoni masikioni. Chumbani walisikia karatasi zikisuguana. Masikioni walisikia yule msichana.

Waya alivua hedifoni akaziweka juu ya kiti kana kwamba zingeamka. "Mimi nauza dawa," alisema. "Naamini kitu chenye maelezo kwenye kopo. Hiki sikijui."

"Gari likiwaka bila ufunguo," Ngurumo akasema, "unashuka. Huulizi linakwenda wapi."

Wote wakamtazama Chiriku. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa jukwaa la dramu, ameshika kikombe cha chai, na machozi yanamtiririka bila yeye kuyajali.

"Mnashuka nyinyi," alinong'ona. "Mimi nimetembea kwa miguu miaka mingi mno."

 Wakabaki.

Siku iliyofuata walirekodi asubuhi hadi mchana, na kwa mambo ya muziki haikuwahi kutokea siku nzuri kama ile. Sauti ilikuwa inawavuta. Waya alipiga vitu ambavyo hakuwahi kuvijua ujanani. Hata hivyo Mama Springi, ambaye kazi yake ya karakana ilimfundisha kusikiliza kochi kabla ya kulifungua, aliona mambo ambayo hakuyapenda.

La kwanza lilikuwa kifua. Sauti iliposhikilia noti ndefu, kifua cha Chiriku kilikuwa kinapanda na kushuka kama cha mtu aliyekaa tu. Aliyekuwa akitumia pumzi mle ndani hakuwa yeye.

La pili lilikuwa midomo. Siku ya kwanza midomo ilitangulia na sauti ikafuata. Sasa vilikwenda pamoja. Kufika wimbo wa mwisho wa mchana ule, Mama Springi, macho yake yakiwa kwenye mdomo wa mdogo wake kama zamani, alijikuta anaingia amechelewa kila mara. Ndipo alipoelewa. Sauti ilikuwa inaanza kwanza. Chiriku ndiye aliyekuwa akiikimbilia, midomo yake ikihangaika kupata maneno ambayo tayari yalikuwa yamesemwa.

La tatu lilitokea wimbo ulipokwisha. Chiriku alisogea pembeni, akachukua chupa ya maji, akanywa. Ngurumo alikuwa anafuta jasho. Kipaza sauti kilikuwa kimesimama peke yake katikati ya chumba. Na kwenye hedifoni, karibu kabisa, kama mtu aliyeweka kidevu begani mwake, yule msichana akacheka.

"Dada," alisema, "bado unaingia umechelewa."

Mama Springi alimtazama mdogo wake. Chupa ilikuwa mdomoni, koo linapanda na kushuka likimeza maji. Akamtazama fundi sauti nyuma ya kioo. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa, na hakukiinua mpaka walipofungasha vyombo.

Walipofika nyumbani Chiriku alikuwa akisema kitu njia nzima, na Mama Springi alikuwa akiinama kila mara kumsikiliza. Ule mnong'ono ulikuwa unapungua. Maneno yalianza na kuishia katikati, kama bomba la maji siku za mgawo.

Ulibaki wimbo mmoja. Asubuhi yake Mama Springi alikuwa karakana mapema, anapigilia kitambaa kwenye mgongo wa kiti ambacho hakikuwa na haraka. Chiriku akatokea amevaa viatu vya kutokea.

"Leo hatuendi," Mama Springi alisema bila kuinua kichwa.

Chiriku alikaa juu ya robota la kitambaa, karibu, ili asikike. "Umesikia anavyokuita?"

Nyundo ikasimama. "Nimesikia."

"Mimi namsikia hata bila hedifoni. Tangu nitoke hospitali. Mwanzoni alikuwa mbali, kama redio ya nyumba ya tatu. Kila mwaka anasogea. Nilikuwa nafikiri ni akili yangu inanifariji." Alikusanya pumzi. "Ni mali yangu, Dada. Ilikatwa, ikaachwa nje. Inataka kurudi tu."

"Kitu kikikaa nje peke yake muda wote huo," Mama Springi alisema, "kikirudi hakiji kukaa sebuleni. Kinakuja kuchukua nyumba."

"Basi na ichukue. Nyumba yenyewe ina nini?"

Maneno yale yalimchoma Mama Springi kuliko sindano yoyote. Aliweka nyundo chini, akamshika mdogo wake mkono, mkono mwepesi, wenye baridi.

"Nyumba ina mimi," alisema.

 Chiriku akafinya vidole vya dada yake, akanong'ona, "Basi njoo nami. Nikienda peke yangu ni vibaya zaidi." Na Mama Springi, aliyekuwa ameazimia kama mwamba, akavua aproni. Mdogo wake alikuwa na kichwa kigumu tangu tumboni. Ukimfungia mlango angepita dirishani.

Wimbo wa mwisho uliitwa "Nifungulie". Chiriku aliuandika akiwa msichana, baada ya siku moja kufungiwa nje na mama yao kwa kuchelewa kurudi. Ulikuwa wimbo wa utani, ukipigwa kwa kasi, na zamani watu waliurukia.

Mama Springi aliweka sharti lake mbele ya wote. Atasimama ubavuni mwa mdogo wake, bega kwa bega, na kitu kikienda kombo wanaacha. Ngurumo akakubali kwa kichwa. Waya alisema alikuwa amekubali kuacha tangu juzi. Chiriku, kwa mara ya kwanza, akaomba hedifoni.

Fundi sauti akainua kidole. 

*Nifungulie, nje kumepoa,* sauti ikaanza, kabla Chiriku hajafungua mdomo. *Nimekuja miguu mitupu.* Safari hii hakujaribu hata kuikimbilia. Alisimama wima, midomo imefunguka kidogo, macho yake yameganda kwenye kioo. Sauti ilikuwa inaimba yenyewe. Ilikuwa nzuri kupita zote zilizotangulia, na ndani ya uzuri ule mlikuwa na njaa. Vidole vya Mama Springi viliendelea vyenyewe. Ubeti wa kwanza ukapita, kiitikio kikapita, na pale ulipotakiwa kuanza ubeti wa pili, sauti ikaacha kuimba.

Ikaongea. Polepole, kwa upendo, juu ya muziki.

"Kinda," ilisema. "Wewe ndiye ufungue. Wao hawawezi. Fungua, Kinda, nimechoka huku."

Jina lile Ngurumo hakulijua, wala Waya. Mama Springi alilijua, na tangu wamzike mama yao hapakuwa na mdomo uliolitamka. Bega lililokuwa limegusana na lake halikusogea. Akageuka. Kifua cha mdogo wake kilikuwa kimetulia. Hakikupanda wala kushuka. Mdomo ulikuwa unafunguka, zaidi na zaidi, hautoi kitu, kama mtu anayesubiri kulishwa.

Aliachia besi, ikaning'inia kwenye mkanda na kunguruma. Akamvua mdogo wake hedifoni, akazitupa. Akamkumbatia mbavuni kwa mkono mmoja, akamsogeza nyuma, akajiweka yeye mbele ya kipaza sauti. Na kwa kuwa hakujua dawa nyingine, akaimba.

Mama Springi hakuwahi kuimba mbele ya watu maishani. Bafuni tu, tena kwa kujificha. Sauti yake ilikuwa nene, haikushika noti, ilipinda mahali pa kunyooka. Aliimba ubeti wa pili kama mtu anayepigilia mbao: neno, neno, neno. Kwenye hedifoni zake yule msichana alipaza sauti, akajaribu kumfunika, akamwita Dada, akalia. Mama Springi akafumba macho, akaongeza nguvu. Ngurumo alimwona, naye akapiga dramu kana kwamba analivunja jumba. Waya, aliyetaka kuacha tangu juzi, alibaki, akafungua amplifaya yake hadi mwisho.

Ilikuwa katikati ya kelele zile ndipo Mama Springi alipohisi mbavu zikitanuka chini ya mkono wake. Chiriku alivuta pumzi kwa nguvu, akakohoa, akavuta nyingine. Kisha akaegemeza kichwa kwenye bega la dada yake, akasogeza mdomo wake karibu na kipaza sauti, na akaimba kiitikio cha mwisho kwa kile alichonacho. Mnong'ono. Karatasi mbili.

Wakamaliza. Kwenye hedifoni palikuwa na ukimya wa kawaida, wenye mvumo mdogo wa umeme. Fundi sauti alikuja akaketi sakafuni pamoja nao.

Baadaye, walipopata nguvu, walisikiliza. Katika ubeti wa pili wa "Nifungulie" palisikika mwanamke mzee anayeimba vibaya sana kwa moyo wote, na kando yake pumzi ya mwingine. Yule msichana hakuwamo. Katika nyimbo nyingine zote alikuwamo, mzima, anang'aa.

"Tuzifute hizo nyingine," Waya alisema. "Tuchome kabisa."

Ngurumo alikuwa upande wake. Mama Springi pia. Lakini wote walijua kwamba si wao wenye neno la mwisho, wakamsubiri Chiriku, ambaye alikuwa amejifunika shali ya dada yake.

"Ziende kwa watu," alinong'ona. Walilazimika kuinama wote. "Amekaa peke yake, ndiyo maana ananing'ang'ania. Akipata watu wengi wa kumsikiliza, huenda akaniacha."

"Na asipokuacha?" Mama Springi aliuliza.

"Basi tutajua kwamba ni mroho."

Nyimbo zikatoka. Hazikutikisa dunia, lakini zilifika mbali kuliko ile kanda ya kwanza, na watu waliandika wakisema haiwezekani mwanamke wa umri ule awe na sauti kama ile. Wengine walisema ni ujanja wa mitambo. Fundi sauti aliwaacha wafikiri hivyo, na wiki hiyo hiyo akaliondoa lile godoro dirishani, akatia kioo cha kawaida, ili chumba kipate mwanga wa jua na makelele ya barabarani. Kipaza sauti kile alikifunga kwenye boksi akakitupa. Mwenye duka la muziki aliwaomba wapande jukwaani hata mara moja tu. Walikataa bila kuulizana.

Chiriku aliishi. Mnong'ono wake ulirudi kiasi, si kama zamani, ila wa kutosha kumkera dada yake kuanzia asubuhi. Alianza kusaidia karakana, akachukua kazi ya kukata sponji, na akagundua kwamba wateja wanampenda kwa sababu ili wamsikie lazima wasogee, na wakisogea wanajiona wameambiwa siri. Siku moja mama mmoja alikuwa amekuja kuchukua viti vyake, na kutoka kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara ikasikika redio ikipiga wimbo wa ngazi na taa. Mama Springi alikaza mshono asitazame. Yule mama alisikiliza, akasifu, akauliza nani huyo anayeimba.

Chiriku alikuwa na kisu cha sponji mkononi. Alimaliza kwanza kipande alichokuwa anakata.

"Tulikuwa tunaishi naye," alisema. "Alihama."

Yule mama akasema masikini, watu wa muziki hawatulii, akajaribu kiti kimoja, akalalamika kwamba kimekuwa kigumu mno. Mama Springi akambonyezea springi kumwonyesha kwamba zitalegea zenyewe, zipewe muda. Wakabishana kidogo, wakapatana, wakamsaidia kuvipakia.

Jumapili mchana Ngurumo na Waya huja na vyombo. Wanasogeza makochi ya watu ukutani, wanapiga mpaka jasho liwatoke, Waya akiimba kwa pua na Chiriku akiwaonyesha pa kuingia. Hakuna anayerekodi. Mgeni akitoa simu mfukoni anaombwa, kwa heshima, airudishe. Kijana wa nyumba ya jirani alikuja juzi akagonga mlango, akiwa na mtoto mchanga mkononi, akauliza kwa upole kama wangeweza kupunguza sauti, mtoto hapati usingizi. Wakamkaribisha ndani. Mtoto akalala kwenye kochi la mteja, karibu kabisa na dramu, ngumi zake zimekunjwa, wala hakushtuka hata Ngurumo alipoongeza.